Jenereta ikigoma, anza na cha bei rahisi

SAFU YA MWENDA KIRIMI

Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu kote nchini Kenya, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta nao ulitumbukia gizani. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi na kueleza kuwa jenereta ya sehemu za abiria za 1D na 1E ilikataa kuwaka. Mkuu wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege akapoteza kazi. Mjadala ukageuka wa siasa, na swali la ufundi likasahaulika: jenereta ikigoma, mtu aanzie wapi? Swali hilo linamhusu pia mfugaji wa Kiirua, Meru, ambaye maziwa yake hayangoji stima irudi. Jibu langu ni kwamba kosa aghalabu hujificha kwenye kitu cha bei rahisi, na hasara huletwa na fundi anayeanza na kitu cha bei ghali.

Tuchukue jenereta za dizeli zilizostaafishwa na majeshi, mfano zile za Marekani ambazo huishia mnadani. Ni mashine ngumu, zimetumika kiasi, lakini nyingi zimekaa ghalani miaka mingi, na dizeli huchoshwa na kukaa kuliko kazi. Hata hivyo, zina kitu ambacho mashine nyingi za dukani hazina: mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya askari kijana asiye mhandisi. Ndani yake mna jedwali la hitilafu: tatizo, kipimo, kisha hatua ya kurekebisha. Anayeiendesha hukagua vya nje, na kazi ya kufungua injini huachiwa mafundi wa ngazi ya juu. Mpangilio huo una sababu. Kila boliti inayofunguliwa bila haja ni mlango wa uchafu na kosa jipya.

Hatua ya kwanza ni kutazama stata. Kama haizungushi injini, shida iko kwenye umeme wa kuwashia, na hakuna haja ya kugusa mafuta. Je, kitufe cha kuzima kwa dharura kilibonyezwa kikaachwa hivyo? Je, vichwa vya betri vimeota unga mweupe? Jenereta nyingi za kijeshi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Anayeziunga sambamba kama alivyozoea kwenye gari anapata volti 12 tu, na stata inaguna na kunyamaza. Anayeweka betri moja mpya na moja kuukuu naye hajafika mbali, kwa sababu ile dhaifu inaiangusha nzima. Asubuhi za baridi za Kiirua huzidisha udhaifu huo. Kipimo cha volti, kikisomwa wakati stata inazunguka na si betri ikiwa imepumzika, kinamaliza ubishi kwa dakika moja.

Stata ikizungusha vizuri na injini bado haiwaki, tazama bomba la moshi. Dizeli haina plagi ya cheche. Inachotaka ni hewa iliyobanwa hadi ikawa moto na mafuta yaliyonyunyizwa kwa wakati wake. Pasipo moshi hata kidogo, mafuta hayafiki: tangi limekauka, filta imeziba, mna maji kwenye kichujio, hewa imeingia kwenye mpira, au vali ya umeme inayofungulia mafuta haipati umeme. Moshi mweupe una maana nyingine: mafuta yanafika ila hayachomeki, ama kwa baridi, ama plagi za kupashia joto zimekufa, ama mbano umepungua. Kabla ya kutazama moshi huo, fundi anayetaka kushusha pampu ya injekta anabahatisha kwa pesa za mwenye mali.

Atakuja mjuzi aseme njia ya mkato ipo. Ni kweli, jenereta hizo za kijeshi zina swichi ya vitani inayopuuza vilinzi vya mafuta ya injini na joto. Iliwekwa kwa sababu askari aliye chini ya risasi yuko radhi kuipoteza injini kuliko kupoteza taa. Kiirua hakuna vita. Mashine inayojizima kwa sababu shinikizo la mafuta limeshuka imetii amri. Anayeiziba mdomo anauza injini nzima kwa usiku mmoja wa mwanga.

Wengine watasema cha kuvunda hakina ubani, kwa hivyo nunua mpya au weka sola. Wana hoja, hasa kwa kuwa nyingi za Kimarekani zimeundwa kwa hezi 60 ilhali stima yetu ni hezi 50. Mota ya kawaida ya kupozea maziwa ikiungwa humo bila marekebisho itazunguka kwa kasi iliyozidi kwa moja ya tano. Lakini upya hautibu uzembe. Uwanja mkuu wa ndege nchini haukukosa uwezo wa kununua, ilhali mashine yake ilikataa siku ilipohitajika. Hata mabwawa ya umeme ya Mto Tana yaliyo jirani yetu hayatukingi: Juni 7, 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo kimojawapo, cha Gitaru, na nchi ikakaa gizani kwa saa kadhaa.

Iliyobaki ni hoja ya gharama ya kuiwasha jenereta kwa majaribio: dizeli ni ghali, kwa nini tuichome bila haja? Kwa sababu nusu saa kwa mwezi, jenereta ikiwa imebebeshwa mzigo halisi, hufichua betri iliyokufa na filta iliyoziba mchana, fundi akiwa karibu na duka likiwa wazi. Aliye na jenereta aiwashe wiki hii, wakati stima ipo. Na ikikataa, amwambie fundi aanze na betri.