Kitabu cha Saussure Nacho ni Desa

Swali linajulikana hata kabla karatasi haijagawiwa: fafanua dhana ya isimu kwa mujibu wa wataalamu mbalimbali. Unamwaga fasili tatu nne, unahitimisha kwamba isimu ni uchunguzi wa kisayansi wa lugha, unakwepa sapu, maisha yanaendelea. Sisi tulisoma hivyo. Vijana wa mwaka wa kwanza ninaokutana nao leo wananionyesha madesa yaleyale, tofauti ni kwamba sasa yanazunguka WhatsApp badala ya kutolewa kopi.

Huo si utangulizi wa isimu. Ni utangulizi wa majina ya watu waliofanya isimu.

Anayeteseka zaidi ni Ferdinand de Saussure. Tunamwita baba wa isimu ya kisasa, tunakremu kiashiria na kiashiriwa, basi. Ni wangapi wameambiwa kwamba kile kitabu chake maarufu cha 1916 hakukiandika yeye? Alifariki 1913. Wenzake wawili, Charles Bally na Albert Sechehaye, ambao wala hawakuhudhuria mihadhara hiyo ya Geneva, wakakusanya daftari za wanafunzi waliohudhuria na kuzifanya kitabu. Kwa lugha ya chuoni, lile ni desa. Desa zuri, sikatai, ila ni desa.

Kilichompa jina akiwa hai ni kitu kingine kabisa. Mwishoni mwa 1878, akiwa na miaka 21, umri wa wanafunzi wetu haohao, alichapisha kazi juu ya irabu za lugha mame iliyozaa Kigiriki, Kilatini na Kisanskriti. Alipanga maumbo, akaona mpangilio una mapengo, akasema: hapa palikuwa na sauti, zimepotea. Hakukuwa na lugha iliyojulikana wakati ule ya kumthibitishia. Baadaye Kihiti, lugha ya kale iliyoandikwa kwenye vigae vya udongo kule ambako leo ni Uturuki, kikasomeka, na mwaka 1927 Jerzy Kuryłowicz akaonyesha kuwa kina konsonanti katika baadhi ya sehemu zilezile.

Sasa tazama tulichonacho mdomoni. Ulimi, ndimi. Ubao, mbao. Ukuta, kuta. Katika wingi, u inaondoka na inaingia n. Ikikutana na l inazaa nd, ikikutana na b inakuwa mb. Kwenye kuta imekwenda wapi? Mwalimu wa sekondari atakwambia hilo ni neno la pekee, likariri. Lakini kaa na Mswahili wa Mombasa wa asili, msikilize anavyotamka k ya kuta: inatoka na pumzi. Ni pumzi ileile inayomtofautishia paa la nyumba na paa wa porini, ambao tahajia yetu sanifu inawaandika sawasawa. Ile n ilipotoweka iliacha pumzi nyuma yake. Yaani ushahidi wa sauti iliyopotea, ambao Saussure hakuuona maisha yake yote, sisi tunao, unatembea na kuuza mahamri.

Na si Kiswahili peke yake. Kwenye ukumbi wa mihadhara hapa Tanzania hukosi Wasukuma. Waulize wanahesabuje: tatu ni idatu, tano ni itano. Kwa nini moja ina d na nyingine imebaki na t? Kwa sababu kwenye tatu, silabi inayofuata nayo ina t, na t mbili zikifuatana hivyo ya kwanza inageuka. Kanuni hiyo inaitwa Sheria ya Dahl, kwa jina la mmisionari Edmund Dahl aliyeiona katika Kinyamwezi, ndugu wa damu wa Kisukuma. Inafundishwa kwenye vyuo vya Ulaya. Kijana wa Shinyanga anayeitumia kila anapohesabu ng'ombe anapewa mifano ya Kiingereza, *pin* na *bin*, tena anaambiwa anachozungumza nyumbani ni kilugha.

Hapo ndipo ninapokasirika. Wengi wa wanaosoma kozi hii wanakwenda kuwa walimu. Atakayerudi Bariadi na fasili nne kichwani atawachapa watoto kwa kuchanganya Kisukuma na Kiswahili, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kwamba kile Kisukuma kina utaratibu.

Najua utetezi. Madarasa yamejaa, wanafunzi ni mamia, mhadhiri ni mmoja, na fasili ni rahisi kusahihisha. Sawa, ila hiyo ni hoja ya msahihishaji, tusiivishe joho la "msingi wa taaluma". Wengine wanasema mwanafunzi hawezi kuchambua data bila istilahi. Mbona mtoto wa miaka mitano anasema ndimi bila kujua nazali ni nini? Istilahi mpe akishaona kitu kinachohitaji jina, atalishika siku hiyohiyo.

Na ukumbi wa watu mia tano si kikwazo. Andika ubaoni: ulimi, ndimi, ubao, mbao, ukuta, kuta. Waambie wageukiane wawili wawili watafute n ilikoenda. Wewe toka, kanywe chai, urudi baada ya nusu saa.