Medali Kumi za Raisa Smetanina: Majibu kwa Wanaozipunguza

Februari 1992, katika Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Albertville, Ufaransa, Raisa Smetanina alipata medali yake ya 10 ya Olimpiki. Kabla yake hakuna mwanamichezo wa majira ya baridi, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kufikisha idadi hiyo. Sixten Jernberg wa Uswidi, aliyetawala theluji miaka ya 1956 hadi 1964, aliishia 9. Smetanina alikusanya dhahabu 4, fedha 5 na shaba 1, na hakuna Olimpiki hata moja kati ya tano alizoshiriki ambayo alitoka mikono mitupu.

Mchezo wake ni skii za masafa. Mtu hufunga skii nyembamba miguuni, akashika fimbo mbili mikononi, akapanda na kushuka vilima vya theluji kwa nguvu zake mwenyewe kwa kilomita 5, 10, 20 au zaidi. Ni miongoni mwa michezo inayochosha mwili kuliko yote. Kudumu humo karibu miaka 20 katika kiwango cha juu kabisa duniani ni jambo la nadra mno.

Hata hivyo jina lake linapotajwa, husikika sauti za kulipunguza: mara alikuwa wa pili siku zote, mara alibebwa na dola ya Kisovieti, mara medali ya mwisho alipewa kwa huruma. Nimeyafuatilia madai hayo kwa muda mrefu, na naona hayastahili kuachwa bila majibu. Nitayajibu moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "Alikuwa bingwa wa kushika nafasi ya pili."

Wasemao hivi huhesabu fedha 5 dhidi ya dhahabu 4, wakafunga daftari. Ni vyema wakalifungua tena na kutazama saa.

Olimpiki ya Innsbruck, 1976. Mbio za skii za masafa zilifanyika Seefeld. Wakati huo wanamichezo hawakuanza pamoja. Waliachiwa mmoja mmoja kwa kupishana nusu dakika, hivyo kila mtu alishindana na saa bila kumwona mpinzani wake. Tarehe 7 Februari, katika kilomita 5, Helena Takalo wa Ufini alimaliza kwa dakika 15 na sekunde 48.69. Smetanina alitumia dakika 15 na sekunde 49.73. Sekunde moja na ushei ndiyo iliyomnyima dhahabu.

Siku tatu baadaye wanawake wale wale wakakutana tena katika kilomita 10. Smetanina alimaliza kwa dakika 30 na sekunde 13.41, Takalo kwa dakika 30 na sekunde 14.28. Baada ya nusu saa ya kupanda na kushuka, walitofautiana kwa chini ya sekunde moja, na safari hii dhahabu ikaenda kwa Smetanina. Aliyepata fedha Jumamosi ndiye aliyepata dhahabu Jumanne, kwa nguvu zile zile na dhidi ya mpinzani yule yule. Ukiiita ya kwanza kushindwa na ya pili ushujaa, utakuwa unapima rangi ya chuma na kuuacha uwezo wa mtu.

Twende Sarajevo, 1984. Huko alipata fedha mbili, katika kilomita 10 na 20. Mbele yake mara zote mbili alikuwa Marja-Liisa Hämäläinen wa Ufini, aliyetwaa dhahabu katika mbio zote tatu za mtu mmoja mmoja mwaka huo. Hakuna mwanamke yeyote aliyemshinda Hämäläinen katika mbio hizo, na aliyemkaribia zaidi katika mbili kati yake ni Smetanina, aliyekuwa amebakiza siku chache kufikisha miaka 32. Fedha ya Calgary, 1988, ilikuja nyuma ya Vida Vencienė, mwenzake wa timu ya Kisovieti, na mbele ya Marjo Matikainen, Mfini aliyeshinda kilomita 5 katika michezo hiyo hiyo. Fedha ya tano ni ya timu, nyuma ya Ujerumani Mashariki, huko Lake Placid mwaka 1980.

Na zipo dhahabu zenyewe. Alishinda kilomita 10 katika Olimpiki ya 1976. Alishinda kilomita 5 katika Olimpiki ya 1980, akimwacha Hilkka Riihivuori wa Ufini kwa sekunde 5. Alishinda kilomita 20 katika mashindano ya dunia ya Oslo, 1982. Kwa wanawake wa wakati ule, hayo ndiyo masafa yote ya mtu mmoja mmoja yaliyokuwepo kwenye mashindano makubwa. Alitwaa taji katika kila moja. Mtu wa namna hiyo haitwi wa pili.

Dai la pili: "Medali 10 ni chache. Marit Bjørgen anazo 15."

Ni kweli, Bjørgen wa Norwei alistaafu na medali 15, na ukubwa wake hauna ubishi. Lakini kabla ya kulinganisha mavuno, linganisha mashamba.

Mwaka 1976 na 1980 wanawake walikuwa na mbio tatu tu za skii za masafa: kilomita 5, kilomita 10 na mbio za kupokezana. Kilomita 20 iliingia mwaka 1984, zikawa nne, zikabaki nne mwaka 1988. Mwaka 1992 zikafika tano. Jumla katika Olimpiki tano za Smetanina ni mbio 19, na hiyo ni kama angeanza kila moja. Bjørgen naye alishiriki Olimpiki tano, kuanzia 2002 hadi 2018, na kila moja ilikuwa na mbio sita kwa wanawake. Jumla ni 30.

Kumi kati ya 19 ni zaidi ya nusu. Kumi na tano kati ya 30 ni nusu kamili. Simshushi Bjørgen kwa hesabu hii. Ninachosema ni kwamba anayemshusha Smetanina kwa idadi peke yake anasahau kuwa wanawake wa kizazi chake walinyimwa nafasi za kushindana. Waandaaji waliwapangia mbio chache na fupi, na ndani ya ufinyu huo yeye akafika kumi.

Dai la tatu: "Dola ya Kisovieti ndiyo iliyomtengeneza."

Dola ilimsaidia, na hilo halifichiki. Umoja wa Kisovieti uliwalipia wanamichezo wake makocha, kambi na safari, ukawawezesha kufanya mazoezi mwaka mzima wakati wapinzani wengi wa nchi nyingine walikuwa na kazi nyingine za kuwalisha.

Lakini msaada ule ule walipewa mamia. Ndani ya mfumo huo mwanamke alilazimika kwanza kuwashinda wenzake wa nyumbani, na nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Tazama kilomita 20 za Calgary: dhahabu Tamara Tikhonova, fedha Anfisa Reztsova, shaba Smetanina. Wote watatu walitoka timu moja. Mfumo unaweza kueleza kwa nini nchi ilikuwa na mabingwa wengi. Hauelezi kwa nini mmoja wao alisimama jukwaani mwaka 1976 na bado akasimama mwaka 1992, wakati waliokuwa naye mwanzoni walikwisha kustaafu zamani.

Tena hakuzaliwa mlangoni pa kambi za Moscow. Alizaliwa tarehe 29 Februari 1952 katika kijiji cha Mokhcha, eneo la Izhma, kaskazini mwa nchi ya Wakomi, ambako watu wameishi kwa kufuga kulungu wa nchi za baridi na theluji hukaa ardhini sehemu kubwa ya mwaka. Alipofika kwa makocha wa taifa, skii hazikuwa ngeni miguuni mwake.

Dai la nne: "Alikuwa mtu wa mtindo wa zamani. Mchezo ulipobadilika, ukamwacha."

Hili ndilo dai lisilo na mguu wa kusimamia, na kulijibu kunahitaji kueleza mabadiliko yenyewe.

Katika mtindo wa jadi, skii hukaa sambamba ndani ya mifereji miwili iliyochongwa kwenye theluji. Sehemu ya skii iliyo chini ya wayo hupakwa nta ya kushika. Mtu akikandamiza mguu, nta huuma theluji, naye hujisukuma mbele. Akiuachia, skii huteleza. Kipaji kiko katika kujua sekunde gani ukandamize na sekunde gani uachie.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanamichezo waligundua kwamba ukitoka kwenye mifereji, ukazipanua ncha za skii nje na kujisukuma kwa ukingo wa ndani, mguu huu kisha ule, unakwenda kasi zaidi. Nta ya kushika haihitajiki tena. Skii zikawa fupi na ngumu zaidi, fimbo zikawa ndefu, na misuli inayofanya kazi ikabadilika. Kufikia mashindano ya dunia ya Seefeld mwaka 1985 mtindo huo mpya ulikuwa umezagaa, na viongozi wa mchezo wakaamua kuzigawa mbio: nyingine za jadi, nyingine za mtindo huru. Olimpiki ya kwanza kutumia mgawanyo huo ni ile ya Calgary.

Wengi waliokulia katika mifereji hawakuweza kuvuka. Smetanina alikwenda Calgary akiwa na miaka 35. Katika kilomita 10 za jadi akapata fedha. Katika kilomita 20 za mtindo huru akapata shaba. Alipata medali katika mtindo aliokulia nao, na akapata medali katika mtindo aliojifunza akiwa mtu mzima, mbele ya vijana walioanza nao mapema.

Na hayo hayakuwa mabadiliko ya kwanza kumpitia. Taji lake la kwanza la dunia, katika mbio za kupokezana za Falun mwaka 1974, lilikuja msimu ule ule ambao skii za nyuzi za kioo zilianza kuzisukuma kando skii za mbao. Alianza na mbao, akashinda kwa nyuzi za kioo, kisha akajifunza upya namna ya kupiga hatua.

Dai la tano: "Dhahabu ya 1992 ilikuwa zawadi ya kumuaga."

Hoja yao ni kwamba mwanamke wa miaka 39 aliwekwa kwenye timu ya kupokezana kwa heshima, wenzake wakamvuta.

Timu yenyewe ilikuwa Yelena Välbe, Smetanina, Larisa Lazutina na Lyubov Yegorova. Katika mbio za kupokezana kila mmoja hukimbia sehemu yake, na hakuna mahali pa kumficha mtu dhaifu, kwa sababu sekunde anazopoteza huhesabiwa kwa wote. Sehemu mbili za kwanza zilikuwa za mtindo wa jadi, na hapo ndipo alipowekwa, katika ya pili. Nyuma yao ilikuwa Norwei, iliyomaliza sekunde zisizozidi 25 baadaye. Kwa tofauti ndogo namna hiyo iliyogawanywa kwa wanne, kocha mwenye akili timamu hampeleki mtu uwanjani kwa huruma.

Tena mwaka mmoja kabla, Val di Fiemme nchini Italia, Smetanina alikuwa katika timu iliyotwaa ubingwa wa dunia wa mbio hizo hizo. Aliteuliwa mwaka 1992 kwa sababu alikuwa bingwa wa dunia mtetezi. Dhahabu ilikuja tarehe 17 Februari, siku 12 kabla hajatimiza miaka 40.

Dai la sita: "Timu yake ilichafuka kwa dawa, basi naye ni hivyo hivyo."

Tukio linalotajwa ni la kweli. Innsbruck, 1976, Galina Kulakova alinyang'anywa shaba ya kilomita 5 baada ya efedrini kukutwa mwilini mwake. Ilielezwa kuwa ilitokana na dawa ya kupulizia puani, naye akaruhusiwa kuendelea na mbio nyingine.

Hilo ni la Kulakova. Smetanina alikuwa wa pili katika mbio hizo hizo, na fedha yake ilibaki. Hakuna hata moja kati ya medali zake 10 iliyofutwa. Vipimo vya zama zile havikuwa vya kina kama vya leo, na udhaifu huo unawahusu washindi wa kila nchi ya wakati ule kwa usawa. Mwenye ushahidi dhidi yake na autoe. Asiye nao asimtwike mtu kosa la mwenzake kwa kuwa tu walivaa jezi moja.

Dai la saba: "Nchi aliyoichezea haipo tena, basi rekodi zake si za mtu."

Umoja wa Kisovieti ulivunjika Desemba 1991. Miezi miwili baadaye Smetanina alishindana katika Timu ya Pamoja ya jamhuri za zamani, chini ya bendera ya Olimpiki. Dola inaweza kufutwa kwenye ramani, lakini saa zilizoandikwa Seefeld, Lake Placid na Calgary ni za mtu aliyezikimbia. Na kwao hawajamsahau: huko Komi, jamhuri iliyo ndani ya Urusi ya leo, uwanja mkuu wa skii karibu na Syktyvkar unaitwa kwa jina lake, na wanamichezo wa taifa huenda kushindana hapo.

Madai haya saba yana ugonjwa mmoja. Kila moja huchukua kipande kimoja cha maisha yake ya michezo, iwe fedha, dola, umri au bendera, likakitazama peke yake. Viweke vipande vyote pamoja, utaona mwanamke aliyeshinda masafa yote ya wakati wake, akavuka kutoka mbao hadi nyuzi za kioo, akapata medali katika mtindo mpya alipokuwa anakaribia miaka 36, akaishi zaidi ya nchi yake uwanjani na bado akashinda. Waliokuja baadaye wamempita kwa idadi ya medali, na ni haki yao. Lakini orodha ya mabingwa wakubwa wa skii za masafa inayomweka Raisa Smetanina pembeni ni orodha iliyoandikwa na mtu ambaye hakusoma matokeo, na inapaswa kuandikwa upya.