Kompyuta Ikuandikie, Lakini Siri Ichungwe



Sisi wenye biashara za cherehani mikono haina nafasi: mkasi huku, futi huku. Kwa hiyo programu ya kuandika kwa sauti kwenye kompyuta kwetu ni msaada, si anasa. Lakini msikimbilie ya kununua. Dragon, inayosifiwa sana, haijui Kiswahili. Google Docs ni bure: ifungue kwa Chrome, bonyeza Ctrl, Shift na S kwa pamoja, kisha chagua Kiswahili cha Tanzania. Nukta na mkato mtie wenyewe, na msome tena kabla ya kutuma.

Ila kuna amana hapa. Sauti hiyo husafiri kwa intaneti hadi kwa Google, na dukani kila aliyekaa anasikia. Kifua na kiuno cha bibi harusi si habari ya baraza. Rai yetu: barua, bei na oda za vitambaa zisemeni, jina la mteja na vipimo vyake viandikeni kwa mkono, daftarini. Sitara ya mwanamke ni bora kuliko wepesi wa kazi.