Jumeli ya namba kubwa inatudanganya

Katika masoko ya Bukavu jumeli inauzwa kwa namba. Muuzaji anakuonyesha maandishi 20x50 na kukuambia: hii inavuta mbali kuliko zote. Mimi pia nilidanganyika, nikatoa dola 25 nilizokuwa nimeweka kwa viatu vya mvua. Kufika Tshivanga, katika Parke ya Kahuzi-Biega, ndege sikuona. Niliona majani yanayotetemeka.

Namba ya kwanza inasema chombo kinakuza mara ngapi. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukikuza sana, mkono unatikisa picha na eneo unaloona linapungua. Chozi hatulii juu ya ua. Wakati ungali unamtafuta kwa mara 20, amekwisha kwenda. Tena gawanya namba ya pili kwa ya kwanza: 50 kwa 20 ni 2.5. Hiyo ni milimita za upana wa mwanga unaofika jichoni. Jumeli ya 8x42 inatoa zaidi ya 5. Ndani ya msitu wetu, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ungali chini ya miti, tofauti hiyo ndiyo inakuambia kama ni turako wa Rwenzori ao kivuli tu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka kununulia vijana wetu waongozaji jumeli kumi za bei ya chini ili kila mmoja apate yake. Wapate mbili za 8x42, zisizoingiza maji, wazitumie kwa zamu. Ni kweli, moja itapita dola mia. Lakini mgeni anakuja na jumeli safi, naye mwongozaji, anayejua sauti ya kila ndege, anabaki kukisia kwa macho matupu. Nani atamlipa tena?

Na jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya haviandiki: huku kwetu jumeli inafanana na chombo cha vita. Ndugu msomaji, usiivae shingoni unapokaribia bariyeri. Iweke ndani ya mfuko, pamoja na kitabu cha ndege. Na yeyote anayewapa vijana jumeli awape pia karatasi yenye muhuri, jina la mwenye kuibeba na namba ya chombo. Bila karatasi hiyo, afadhali asiwape.