Anza na mkoba wa mkononi

Kila Septemba, vijana wetu wanapokwenda kusoma Ujerumani, naona masanduku yakifunguliwa sakafuni uwanja wa ndege: mizani imevuka kilo 23, na mama anatoa kimojakimoja alichokifunga kwa mapenzi. Inaniuma. Mwanangu, anza na mkoba wa mkononi, maana sanduku linaweza kuchelewa hata siku mbili. Weka humo pasipoti, barua ya chuo, vyeti halisi, dawa zako pamoja na barua ya daktari, sweta na nguo ya kubadili. Vimiminika, viwanja vingi bado vinataka chupa isiyozidi mililita 100. Nyama kavu na maziwa viache nyumbani. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuviingiza kutoka kwetu. Pasi ya umeme nayo iache: soketi za kule zina matundu mawili ya duara, plagi zetu za pini tatu haziingii bila adapta. Koti zito? Livae. Ila kanga ya bibi usiitoe, mama. Ni nyepesi, na usiku wa kwanza wa baridi kijana ataitafuta.