Panga Lipitishwe Motoni

Asubuhi moja wilayani Ngara, mkoani Kagera, mama mmoja alinikaribisha chai, kisha akaniacha na kikombe mkononi akaenda kukoka moto wa majani makavu pembeni mwa shamba lake la migomba. Panga alikuwa nalo moja tu. Akaukata mgomba uliokuwa umeanza kunyauka, usawa wa ardhi, akarudi motoni na kuligeuzageuza lile panga mpaka likawa halishikiki. Akangoja lipoe, ndipo akauendea mgomba wa pili. Nikamwuliza kama hachoki na safari hizo. "Mwanangu," akanijibu, "shamba la jirani linaanzia pale kwenye ule mparachichi. Nikichoka mimi, atalia yeye."

Mkulima wa Kagera hahitaji kuelezwa alichokuwa akikifanya. Mnyauko wa migomba ulituingilia mkoani kati ya mwaka 2005 na 2006, na mpaka leo hauna dawa. Majani hugeuka njano na kulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukiimenya unakuta nyama imeingia rangi ya kahawia. Vimelea husafirishwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na husafirishwa na panga. Kinga yake ni kazi ya mkono: kukata ua dume kwa mti wenye panda badala ya chuma, kuondoa shina lililougua, kusafisha panga kwa moto au kwa jiki kabla ya kugusa shina jingine. Mwenye shamba akifanya yote hayo na jirani yake asifanye, kazi yake itapotea.

Nimeanzia shambani kwa sababu toleo hili linazungumzia toba, na ninaogopa neno hilo limezoeleka mno midomoni mwetu. Tunatubu kanisani, tunaomba maghufira msikitini, kisha tunarudi kwenye kilima kilekile na panga lilelile. Ninachodai hapa ni kwamba toba isiyofika kwenye udongo, kwenye chemchemi na kwenye mpaka wa jirani bado iko njiani. Nadai pia kwamba watu wa Ngara na Biharamulo tuna sababu ya kulijua hilo kuliko wengi.

Kumbukeni mwaka 1994. Mto Kagera, unaopita mlangoni kwetu Rusumo, ulibeba maiti za watu waliouawa Rwanda hadi Ziwa Victoria. Kule chini, kwenye mialo, watu waliacha kula samaki. Sijui mahubiri yanayoweza kuonyesha wazi kuliko hapo kwamba chuki ya moyoni haiishii moyoni: hushuka mtoni, ikaingia kwenye chakula cha mtu asiyejua hata ugomvi ulianzaje. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo, kwa muda wa saa 24 hivi, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Benaco, mahali palipoitwa kwa jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, pakageuka mji wa mahema. Wenyeji waliwapokea. Naomba jambo hilo lisisahauliwe tunapohesabu miti iliyokatwa, maana watu wale walihitaji kuni za kupikia, na mtu mwenye njaa haulizwi kwa nini amevunja tawi.

Miti ilikatwa kweli, mpaka visiki vikang'olewa. Lakini wakimbizi wa Rwanda walirudi kwao Desemba 1996, na bado kila kiangazi vilima vyetu vinaungua. Nani anavichoma? Ni sisi, tukitafuta majani mabichi ya mifugo, au tukisafisha shamba kwa njia ya mkato. Kulaumu Benaco kumetusaidia kwa muda mrefu kutotazama viberiti vyetu.

Wazee wetu hawakuwa malaika, na sipendi kuwapamba. Walikuwa hata hivyo na mwiko wa ukoo, muziro, uliomfanya mtu amwache mnyama fulani apite salama bila kusimamiwa na askari. Walikuwa na desturi ya kurudisha samadi na majani kwenye migomba, na kwa desturi hiyo shamba lililolisha babu likamlisha mjukuu. Leo tuna ulinzi wa namna nyingine. Mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na ninaunga mkono. Tuna pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ni sheria nzuri. Lakini hakuna serikali itakayoweka mlinzi kwenye kila kijito chetu.

Basi nani atalinda? Hapa nawaita mashahidi wawili wa nyumbani. Wa kwanza ni Katoke, Biharamulo, ambako uamsho wa Kikristo uliotoka Gahini, Rwanda, ulifika mwishoni mwa miaka ya 1930. Walioguswa walitubu mbele ya watu, wakataja kosa kwa jina lake, wakarudisha kilichoibwa. Kurudisha ndiko kulikowafanya majirani waamini. Wa pili ni Askofu Christopher Mwoleka, aliyeongoza Jimbo Katoliki la Rulenge tangu 1969 hadi 1996 na kuchagua kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa. Alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu tumepewa tuuige katika kuishi pamoja, wala si kitendawili cha kuteguliwa. Jumuiya ndogondogo za Kikristo alizozipigania ni nyumba chache zinazosali pamoja. Mara nyingi nyumba hizohizo huchota maji chemchemi moja na kutafuta kuni kilima kimoja.

Huo ndio ukubwa unaofaa kwa kazi hii. Mtu mmoja hawezi kuuzuia mnyauko, na taifa zima haliwezi kusimama nyuma ya kila panga. Nyumba kumi zinazojuana zinaweza. Waislamu wa Biharamulo nao wana hazina yao: wamefundishwa wasifuje maji ya udhu hata wakiwa kando ya mto unaotiririka. Anayehesabu maji ya kunawa uso hashindwi kuhesabu maji ya bustani.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, msomaji, kabla hujafungua makala zinazofuata. Jumuiya yenu itakapokutana wiki hii, au mtakapotoka msikitini, msitawanyike mara moja. Nendeni wote kwenye chemchemi mnakochota maji. Pimeni mita 60 kutoka ukingo wa kijito chake, muone ni shamba la nani limeingia ndani ya mpaka. Likiwa lako, sema, "Ni langu," na wote wasikie. Kisha mkubaliane siku ya kupanda miti, na mwenye panga aje nalo likiwa limepitishwa motoni.