Vitabu vya TET vifunguliwe walimu wavikarabati

Mwalimu wa Kata ya Mutuka, mjini Babati, akiwa na mtandao anaweza kusoma vitabu vya kiada katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) bila kulipa hata senti. Akitaka kuvigawa katika masomo, kuyapanga upya na kuyaingiza katika programu ya kufundishia, anagonga mwamba. Kurasa za mwanzo zinamwonya kwamba haki zote zimehifadhiwa, na kunakili kunahitaji idhini ya maandishi.

Kikwazo hicho kinapaswa kuondolewa.

Tanzania imekwishaona kinachowezekana kwa programu za kufundishia. Mwishoni mwa 2017, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi vilivyotolewa na Google kwenye vijiji takriban 170 vya Mkoa wa Tanga. Watoto waliovipokea walikuwa karibu 2,700, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Vishikwambi vilichajiwa kwa umeme wa jua. Programu ndiyo iliyofundisha, kila mtoto akienda kwa mwendo wake. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma kabisa ilipungua kwa takriban nusu. Mei 2019, Kitkit School na onebillion waligawana zawadi ya dola milioni 10, na programu za timu zote tano za fainali zikatolewa kwa leseni huria inayomruhusu yeyote kuzibadili.

Leseni hiyo ina uzito kuliko zawadi yenyewe, kwa sababu Babati si Tanga. Watoto wengi wa huku hukua wakizungumza Kigorowa au Kiiraqw, lugha za Kikushi zilizo mbali sana na Kiswahili. Mtoto akikosa swali la mafumbo la hesabu, huenda kujumlisha anakujua vizuri. Kilichomshinda ni maneno ya swali. Programu isiyotofautisha mambo hayo itamrudisha kwenye hesabu asizozihitaji. Dawa ni kumpa swali lilelile kwa tarakimu tupu, kisha kwa sauti ya lugha ya nyumbani, na magunia ya mbaazi anayoyaona kila msimu yakichukua nafasi ya nazi za pwani. Kazi hiyo inamfaa mwalimu wa hapohapo, ilimradi aruhusiwe.

Vifaa navyo havianzii sifuri. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa walimu wa shule za umma.

Wapo watakaohofia kwamba kila mtu atachezea mtaala. Hofu hiyo ina msingi, lakini inatibika: leseni imtake mhariri ataje chanzo na aonyeshe alichobadili, huku nembo ya TET ikibaki kwenye toleo lililoidhinishwa pekee. Isitoshe, Novemba 2019 nchi wanachama wa UNESCO, Tanzania ikiwamo, zilipitisha pendekezo linalohimiza nyenzo za elimu zilizogharimiwa na umma ziwe huria.

TET inaweza kuanza na kidogo: Hisabati na Kiswahili kwa darasa la kwanza hadi la tatu. Mafaili yatolewe katika muundo unaoharirika, picha na sauti zikiwa kando, na ruhusa ya kubadili ichapwe palepale penye onyo la sasa.